Heshima Iliyomkosesha Donatus Usingizi

Mwaka 1955 Donatus alirudi Ushirombo kwa likizo, kutoka chuo kikuu cha ng'ambo ya ziwa. Nyumbani walimpokea kama askofu. Mama alimpa chumba cha peke yake na taa ya chemli. Akaamuru jogoo asiwike karibu na dirisha. Jogoo hakutii.

Donatus aliposhika jembe, alinyang'anywa.

"Mikono ya kalamu hiyo!" mama alisema.

Basi msomi akawa analala mchana. Usiku alikesha na vitabu na kahawa. Wadogo zake walipocheka chumba cha pili, alitamani kuwa katikati yao. Alikuwa nyumbani, lakini alipatamani nyumbani. Wiki ya tatu herufi zilimchezea machoni. Alimfokea mbuzi, kisha akalia.

"Sirudi chuoni, mama. Akili yangu imechoka."

Mama alikimbia kumwita jirani yao Ansgar, dresa aliyetibu wagonjwa zahanati.

"Shikamoo, dresa," Donatus alisema.

"Marahaba. Unalala saa ngapi?"

"Kukipambazuka."

"Unazungumza na nani?"

Paskalia, dada yake Donatus, akajibu, "Sisi tumekatazwa. Eti tutamwaga Kiingereza kilicho kichwani mwake."

Dresa alicheka, kisha akasema taratibu, "Hujarogwa, mwanangu. Usingizi ukipungua, akili huchoka na moyo hujaa huzuni. Huzuni nayo hufukuza usingizi. Lala na uamke saa zile zile kila siku. Acha kahawa ya jioni. Mchana fanya kazi juani. Na lililo moyoni mwambie mtu. Usipopata nafuu, njoo zahanati."

Mama akashika kichwa. "Kumbe nilimfunga kwa heshima!"

Kesho yake Donatus alipalilia shamba na Paskalia.

"Msomi, hiyo unayong'oa ni karanga!"

Usiku alilala na wadogo zake. Mmoja alimpiga teke. Usingizi haukuja upesi. Lakini baada ya wiki mbili alilala mpaka alfajiri, na herufi zikatulia.

Alirudi chuoni. Huko pia alizima taa mapema. Hata hivyo, nyumbani kulimvuta bado. Siku moja wakila, alimwambia Kamili wa Tabora, mwenzake wa chumbani, "Ndugu yangu, nimewakumbuka watu wa kwetu mpaka chakula hakishuki."

Kamili aliweka kijiko chini.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," alisema. "Haya, anza wewe. Mama yako anaitwa nani?"