Balbu Mbili za Vifaranga

Tangu vifaranga waingie nyumbani, mke wa seremala hakuwa akinawa uso kabla ya kuwahesabu. Kila asubuhi alichuchumaa kwenye kona ya stoo na kuhesabu kwa kidole. Walikuwa themanini. Aliwapenda, na hakuona haya kusema hivyo.

Mwaka uliopita alifuga hamsini, baridi ikawamaliza wote kwa wiki moja. Safari hii alimwambia mumewe, "Hawa nao wakifa, baba watoto, mimi na kuku basi. Sitaweza tena."

Maneno yale yalimkaa seremala moyoni.

Mvua zikaanza. Balbu moja ilining'inia katikati ya stoo. Vifaranga walisongamana chini yake, na waliokosa nafasi walilia pembeni. Seremala akaona dawa ni kuongeza balbu. Wazo lilikuwa zuri, ila mikono ndiyo iliyomponza. Mchana mkewe alipokwenda sokoni, alikata waya mmoja wa balbu ile. Hapo kwenye mkato akaunganisha balbu ya pili, akafunga kwa selotepu ya kufungia karatasi. Akawasha. Balbu zote mbili zikawaka kwa unyonge, nyekundunyekundu.

"Umeme wa leo umechoka," akasema. Kumbe taa ya sebuleni ilikuwa inawaka vizuri tu, lakini hakwenda kuitazama. Akaongeza balbu ya tatu kwenye waya uleule. Zikafifia zaidi. Kuuliza je? Wapi! Baadhi yetu tuko radhi kuharibu vitu vitatu kuliko kuuliza swali moja.

Asubuhi mkewe alihesabu. Akarudia.

"Sita wamekufa," alisema. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani.

Seremala alisimama mlangoni. "Mama watoto, ni mimi. Nilitaka wapate joto."

"Balbu tatu! Sasa wanakufaje kwa baridi?"

Seremala akameza kiburi chake, akaenda kubisha kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa fundi umeme. Mtaa mzima ulimwita Dada Tesita, kwa sababu bisibisi yake ya kupimia umeme ilikuwa imechomekwa kwenye kilemba saa zote. Alifika, akatazama selotepu, akashusha pumzi.

"Shemeji, mimi nimewahi kuigusa randa yako?"

"Hapana, shemeji."

"Basi." Lakini alipomwona mke wa seremala pale kwenye ndoo, aliacha utani. "Pole, dada yangu. Hawa waliobaki tutawaokoa."

Kwanza alizima swichi kuu. Alifungua balbu moja, akaitoa, kisha akawasha tena. Balbu mbili zilizobaki hazikuwaka hata kidogo.

"Umeona? Umeme huenda kwa waya mmoja, hupita kwenye balbu, hurudi kwa waya mwingine. Njia hiyo ya kwenda na kurudi tunaiita saketi. Ikikatika popote, hakuna kinachowaka. Hata swichi kazi yake ni hiyo, kuikata njia na kuiunganisha."

"Mbona zilififia?" seremala aliuliza.

"Wewe ni mtu wa milango. Banda lina mlango mmoja mwembamba. Ukiweka mlango mwembamba mwingine mbele yake, kuku watatoka haraka?"

"Watachelewa zaidi."

"Na ukitoboa mlango wa pili ubavuni?"

Seremala alikuna kichwa. "Watatoka wengi zaidi. Kila mlango na kuku wake."

"Sasa balbu ndiyo mlango mwembamba. Ulizipanga moja mbele ya nyingine, kwa mfululizo. Umeme ukabanwa mara tatu. Balbu zako tatu zikatoa joto dogo kuliko ile moja ya mwanzo."

Mke wa seremala aliinua uso. "Kwa hiyo aliwapunguzia joto huku akidhani anawaongezea."

"Ndiyo, dada. Alikuwa na nia njema."

Dada Tesita alizima tena swichi kuu, akafanya kazi. Aliweka balbu mbili sambamba, kila moja na waya wake wa kwenda na wa kurudi. Maungio aliyafunga kwa tepu ya umeme. Waya mwembamba aliotumia seremala aliutupa, akaweka mnene.

"Balbu mbili zikiwa hivi zinavuta umeme mara mbili," alieleza. "Waya mwembamba utapata moto, na hapa chini umemwaga maranda makavu." Akazining'iniza balbu kwa minyororo, mbali na maranda. "Na fyuzi ikikatika, usiweke waya mnene badala yake. Imewekwa ikatike yenyewe kabla nyumba haijaungua. Niite tutafute sababu."

Alipowasha, stoo iling'aa. Vifaranga walikuja chini ya taa, kisha wakaanza kutawanyika na kudonoa.

"Wakirundikana wana baridi," mke wa seremala alisema taratibu. "Wakiikimbia taa, joto limezidi. Wakitawanyika hivi, wameridhika."

"Hayo mimi sikuyajua," Dada Tesita alisema.

Siku ya tisa baada ya hapo, asubuhi yenye mvua, mke wa seremala aliingia stoo akaona upande mmoja una giza. Balbu imeungua.

"Baba watoto!"

Seremala alikuja mbio, penseli sikioni. Akainyooshea mkono balbu, akausimamisha hewani, akageuka kwenda kwenye swichi kuu.

"Ngoja, usizime!" mkewe alisema. "Ile nyingine inawaka."

Vifaranga wote walikuwa wamehamia chini ya balbu nzima, wamebanana, wanapiga kelele. Alichuchumaa akahesabu. Akarudia. Sabini na nne.

Akakaa juu ya ndoo, akalia kwa sauti.

"Unalia nini tena," seremala aliuliza, "na wote ni wazima?"

"Ndiyo hicho ninacholilia," alisema.