Faili Lisilo na Jina

Ilianza na harufu, tena si ya kumshtua mtu. Kwenye chumba cha mbele, alikofanyia kazi mjane mmoja mpiga picha, palinuka kama tambara la jikoni lililosahauliwa ndooni. Mama mkwe wake, ambaye pua ilimfanyia kazi nyingi kuliko miguu, ndiye aliyewahi kusema.

"Mkwe wangu, unafuga panya au unafuga maiti ya panya?"

Wakavuta meza, wakavuta kabati, wakapiga deki. Panya hakuna. Harufu ilitoka nyuma ya kompyuta, penye feni, na upepo wa feni ile haukuwa mkavu kama siku zote. Ulikuwa vuguvugu, una unyevu, kama vile mtu mwenye jino bovu amekupumulia shingoni.

Halafu kompyuta ikaandika kwamba diski imejaa. Mjane akafuta picha za harusi ambazo wenyewe walishazichukua (na mmoja wao alishaoa kwingine, lakini hayo tuyaache). Nafasi ikapatikana. Akaenda kubandika chai. Chai haijachemka, nafasi imekwisha, na kwenye kibodi kuna utelezi unaonata kama kamasi la mtoto mwenye mafua.

Msidhani alikuwa mshamba wa mashine. Alitafuta mwenyewe kinachokula nafasi, akakikuta: faili la kumbukumbu, lile ambalo kompyuta hujiandikia kila inachokifanya, limevimba kuliko picha zote za studio. Akalifungua asome. Mambo ya kompyuta hayakuwemo; yalikuwemo haya:

Mama mkwe amevua meno ya bandia. Nimeyalamba kwenye glasi. Mama mkwe amemeza makohozi, hakutema. Mjane amelia, kamasi limedondoka mezani. Nimelila.

Akamwita mama mkwe, akamsomea yote. Kisha akalifuta faili lile, likatoweka. Lakini nafasi haikurudi hata chembe, na harufu sasa ikawa ya nyama.

Akaitwa mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta ambaye mtaani anaitwa Daktari kwa ajili ya koti lake jeupe, analovaa hata sokoni. Alipoketi mbele ya mashine akaziba pua kwa ukosi wa koti.

"Shemeji, ulilifuta huku kuna programu inaliandika?"

"Ningejuaje?"

"Basi umefuta jina tu. Mwili umebaki. Programu iliyolishika inaendelea kulilisha, ila sasa halina jina, hata ukilitafuta hulioni."

"Toba!" mama mkwe akanong'ona. "Jini hutolewa kwa kuitwa jina lake. Hili mtaliitaje?"

"Hatuliiti, mama. Tunafunga hiyo programu, linakosa pa kushika, linakwenda zake."

Akatafuta ni programu ipi. Alipoiona akajikuna kidevu.

"Ni ile ya video, shemeji."

Mjane akakaa kitako sakafuni. Ilikuwa video ya marehemu mumewe, aliyoipiga siku wakijaribu taa za studio. Marehemu anasema, "Mke wangu, taa hii inanipa pua mbili," anacheka, basi, imekwisha, inaanza upya. Tangu msiba hakuifunga. Aliiacha ijirudie chini ya kazi zake zote, sauti ndogo, na betri ya akiba aliinunua ili umeme ukikatika mume asizimike.

"Nikiifunga haitafunguka tena."

"Itafunguka."

"Niapie."

Daktari hakuapa. Akachomeka flashi ainakili kwanza, akaichomoa ina utando wa maji mazito, na ndani ya utando kitu cheupe kikijinyonganyonga. Akaitupa, akapangusa vidole kwenye lile koti lake la heshima.

"Alikuwa mwanangu kabla hajawa mumeo," mama mkwe akasema polepole. "Mfunge, mkwe wangu. Sitaki awe jamvi la kitu kinacholamba meno yangu."

Mjane akainuka, akashika kipanya kilichoteleza mkononi kama ini bichi, akabonyeza, na papo hapo feni ikaunguruma, ikakwama, ikaunguruma tena kama koo linalotafuta kohozi lililoganda chini kabisa, na sanduku lote likatikisika juu ya meza huku matundu yake yakitoa ute wa njano uliochanganyika na nywele, ukatiririka mguuni mwa meza hadi sakafuni, ukanuka uvundo uliomkimbiza Daktari, mwanamume mzima, hadi uani akitapika, na mama mkwe nyuma yake akimshika mgongo na yeye akitapika.

Kisha kimya. Feni ikapuliza upepo mkavu. Nafasi ya diski ikarudi yote.

Mjane akabaki peke yake. Akaifungua video.

Ikafunguka. Mume ni yuleyule, shati lilelile. "Mke wangu, taa hii inanipa pua mbili." Akacheka. Ila pale inapokwisha siku zote, haikuisha. Aliacha kucheka, akasogea mpaka uso ukajaa kioo, akatoa ulimi mnene, mweupe kama utumbo uliooshwa, akalamba kioo kwa ndani toka chini hadi juu, na unyevu ukatokea upande huu wa mjane.

"Usinifunge tena," akasema.

Kule uani mama mkwe akapaza sauti. "Mkwe! Imefunguka?"

Mjane akavuta kiti, akakisogeza karibu, akapunguza sauti ya kompyuta.

"Haikufunguka, mama."