Robo Saa ya Kuchezea Tableti

Kila asubuhi Mama Mhuri alifika maktabani kabla ya watu wote. Alifungua madirisha ya ukumbi wa kusomea, moja baada ya jingine. Mwanga uliingia taratibu, ukajinyoosha juu ya meza. Vumbi jembamba lilielea hewani kana kwamba linaota. Mama Mhuri alisimama katikati ya rafu, akafumba macho, akaomba: "Mungu wangu, atakayeingia leo asitoke mikono mitupu."

Kisha alikaa kwenye meza ya mbele. Alikuwa ameikalia kwa miaka kumi na tisa. Wasomaji walimpa jina la Mama Mhuri kwa sababu ya mlio wa mhuri wake: ta! ta! Alijua kila kitabu kilipo, hata umeme ukikatika.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Miezi minane nyuma, maktaba ililetewa tableti sita, zile kompyuta bapa za kushika mkononi, ili wasomaji wazitumie. Mama Mhuri alizipokea kama vitabu adimu. Alizipa namba. Alizipiga mhuri mgongoni. Alizibandikia hata karatasi ya tarehe ya kurudisha. Kisha akazifungia katika kabati la vitabu visivyoazimwa. Kila Ijumaa alizipangusa kwa kitambaa laini. Hakuwahi kuwasha hata moja.

Jumatatu moja mkuu wa maktaba aliwaita wafanyakazi wake.

"Baada ya wiki nne," alisema, "meza ya mbele itakaliwa na mtu anayeweza kumsaidia msomaji kutumia tableti. Asiyeweza atahamia chumba cha kushona vitabu vilivyochanika."

Chumba hicho kilikuwa nyuma kabisa. Hakikuwa na dirisha, wala msomaji hakufika huko.

Jioni alimweleza mume wake, aliyekuwa seremala.

"Naogopa, baba watoto. Nikigusa pasipoguswa, tableti itafuta kila kitu."

"Umeshaiwasha?"

"Bado."

"Kumbe unamkimbia mtu ambaye hata hamjasalimiana!"

Mama Mhuri alicheka, lakini alipopiga magoti kuomba, machozi yalimtoka.

Kesho yake alikuja mkufunzi kutoka maktaba nyingine. Wafanyakazi walikuwa tayari na madaftari na kalamu.

"Wekeni madaftari pembeni," mkufunzi alisema. "Nimekuja tucheze."

"Haya, leo tumerudishwa chekechea," alinong'ona Kaka Rafu, mpanga vitabu.

Mama Mhuri alizitoa tableti kabatini. Alibonyeza kitufe. Giza. Akabonyeza tena.

"Imekufa!" alishtuka. "Jamani, nimeiua!"

"Haijafa, shangazi. Ina njaa," alijibu mkufunzi. "Miezi minane hamjaichaji."

Zilipopata chaji, mkufunzi alieleza mchezo wenyewe. Kila asubuhi, robo saa kabla ya mlango kufunguliwa, kila mmoja achague jambo moja analotaka kulijua. Mtu asimchagulie. Alitafute mwenyewe. Mwenzake akikwama, amsaidie kwa maneno tu, asimpokonye tableti. Mwishoni kila mtu aseme alichokipata au kilichomshinda. Yote mawili yapigiwe makofi.

"Na nikiiharibu?" Mama Mhuri aliuliza.

"Kuigusa hakuiharibu, shangazi. Usiimwagie chai wala kuiangusha. Ukipotea, gusa hii alama ya nyumba, utarudi mwanzo. Ikikuuliza jambo usilolielewa, usikubali haraka. Uliza kwanza. Na neno lako la siri ni lako peke yako."

Siku ya kwanza Mama Mhuri alitaka kupiga picha ya ukumbi. Akapiga picha ya pua yake.

"Shangazi, pua hii tuiweke rafu gani?" Kaka Rafu aliuliza.

Walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakampigia makofi. Mama Mhuri naye alicheka. Hofu yake ikapungua kidogo.

Wiki ya pili alifungua kitabu cha hadithi ndani ya tableti. Aliweka vidole viwili juu ya kioo, akavitanua. Herufi zikaanza kukua. Zilikuja polepole, kama watu wanaotoka mbali ndani ya ukungu. Alisahau kiti. Alisahau saa. Alijiona anatembea katikati ya herufi, kama anavyotembea katikati ya rafu zake. Kengele ya kufungua mlango ilipolia, hakuisikia.

Siku hiyohiyo alimwona mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, amekaa na kitabu mapajani. Kitabu kilikuwa kimefungwa.

"Mzee wangu, mbona husomi?"

"Herufi zimekuwa sisimizi, binti yangu. Macho yamechoka. Nakuja tu kunusa karatasi."

Mama Mhuri aliifuata tableti mbiombio. Alikifungua kile kitabu cha hadithi, akagusa vibaya. Ukurasa ukapotea ghafla.

"Nivumilie, nimepotea," alisema.

Akagusa alama ya nyumba. Akaanza upya. Herufi zikakua, zikakua, mpaka kila moja ikawa kubwa kama kifungo cha koti.

Mzee aliinama juu ya kioo. Kisha akasoma neno moja. Akasoma sentensi. Sauti yake ikapanda, ikajaza ukumbi ambao haukuruhusu kelele. Mama Mhuri hakumnyamazisha.

Mkuu wa maktaba alitoka ofisini kuona nani anapiga kelele. Alisimama mlangoni, akasikiliza ukurasa mzima.

"Nani amekufundisha hili?" alimuuliza Mama Mhuri.

"Nilikuwa nachezea tu, mkuu."

"Basi endelea kuchezea. Meza ya mbele ni yako."

Mama Mhuri aligeukia dirisha, asionekane akifuta macho. Midomo yake ilimshukuru Mungu bila sauti.

Mkufunzi alirudi kwao, lakini robo saa ya asubuhi haikukoma. Wasomaji wenye macho yaliyochoka walianza kurudi, na fundi cherehani akawaleta marafiki zake wawili.

Mchana mmoja mama kijana alifika mezani. Alitaka kutuma barua ya kuomba kazi kwa kutumia tableti. Mama Mhuri hakujua inavyofanyika. Zamani angemwambia arudi kesho.

Alivuta kiti cha pili, akakiweka karibu na chake.

"Bado sijui, mdogo wangu," alisema. "Kaa. Tutafute pamoja."