Baba Aliyekatwa

Kikombe kilikuwa kinatoa mvuke, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Roz Pacheco, mhariri wa tamthilia za televisheni, alisimamisha picha akasogeza uso karibu na skrini. Kwenye meza ile ya mgahawa walitakiwa kuonekana watu wawili tu: shujaa wa tamthilia, na binti mdogo anayemwita baba. Mtu wa tatu Roz alikuwa amemwondoa kwa mkono wake mwenyewe. Palipokatika alimkata. Palipogoma, mafundi walimfuta, wakachora ukuta mahali alipokuwa amekaa. Kikombe chake nacho kilifutwa. Sasa kilikuwa kimerudi, na kahawa iliyokuwa ndani ilitokota kama maji ya ugali.

Akakifuta tena. Akaenda kununua mkate wa nyama ng'ambo ya barabara, kwenye jua kali la Burbank, mji wa studio za televisheni, akarudi. Kikombe kilikuwa palepale. Chumba cha uhariri kilinuka chuma kilichoungua.

Huyo aliyefutwa aliitwa Idris. Alikuwa mhusika tu wa tamthilia, mhandisi ambaye akishika chuma kinayeyuka kama siagi. Katika sehemu ya kwanza ya majaribio, ile iliyopigwa picha mwanzoni kabla ya tamthilia kukubaliwa, yeye ndiye aliyefungua hadithi. Alipasua treni iliyoanguka akatoa watu, na mwishoni akamuaga binti yake. Wakubwa wa televisheni walipoitazama walisema watazamaji hawatampenda Mwarabu mwenye moto mikononi. Garrett Lindqvist, mtayarishaji aliyekuwa ameapa kwamba Idris hataguswa, hakubisha hata neno moja. Mtoto, kwa kuwa alipendwa, alibakizwa. Akapewa baba mwingine, shujaa mwenye nywele za manjano.

Roz alikata. Ndiyo kazi yake. Lakini tangu siku ile alikuwa na hasira iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki, haimezeki wala haitoki.

Kesho yake sauti zilianza. Katika kila onyesho la yule mtoto, chini ya muziki, kulikuwa na mtu anapumua. Roz alizima muziki, akazima sauti za waigizaji, akazima kila kitu, na bado spika zilipumua, taratibu, kama mtu aliyepanda ngazi na sasa amesimama mlangoni. Kisha akaanza kumwona. Mara ya kwanza alikuwa doa jeusi mwisho wa barabara, nyuma ya shujaa. Kwenye onyesho lililofuata alikuwa mtu mwenye koti, karibu zaidi. Kwenye lililofuata alikuwa ameshaingia ndani ya nyumba, amesimama nyuma ya kochi, na mtoto aliyekuwa kwenye kochi, ambaye siku ya kupiga picha alikuwa akitazama mbele, sasa alikuwa amegeuza shingo anamtazama.

Akamwita Lindqvist.

"Mafundi wamelipua kazi," Lindqvist alisema. "Futeni upya. Roz, mama'ngu, umechoka. Nenda kalale."

"Harufu je? Nayo wameilipua mafundi?"

"Ni nyaya." Akashika kitasa ili atoke.

Alipiga yowe lililosikika hadi mapokezi. Kiganja chake kilipobanduka, ngozi ilibaki kwenye kitasa.

Alirudi na bandeji, na hata hapo hakubadilisha ratiba. Mtoto angekuja baada ya chakula cha mchana kurekodi upya baadhi ya maneno. Roz alipoona hivyo, alimpigia simu Nabil Sawaya, mwigizaji aliyecheza Idris.

Nabil alikuja amevaa shati la duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa amerudi kufanya kazi. Hakusalimia.

"Mmenifuta, sasa mnaniita nije kushangaa?"

"Kaa, kaka. Tazama kwanza."

Akatazama. Roz aliona rangi ikimtoka usoni, kisha akaona kitu kingine kikiingia mahali pake, kitu kama furaha mbaya.

"Yule si mimi," Nabil alinong'ona. "Sura ni yangu, lakini si mimi. Mimi sikuwahi kusimama pale."

"Ni nani basi?"

Nabil alijibu haraka haraka, kama mtu anayetema. "Kwenye karatasi zenu palikuwa pameandikwa, 'Idris anasema maneno ya Kiarabu Kiarabu hivi, anawasha moto.' Maneno gani? Yoyote! Nimeshacheza magaidi wanaobwabwaja mpaka nimechoka. Nikasema hapana, huyu ni mtu, atasema maneno ya watu. Nikasema ya bibi yangu. Alikuwa na tanuri la mikate kule kwao Lebanoni. Kila asubuhi alikuwa anamwita mwenye moto, roho wa tanuri, na kazi ikiisha anamuaga."

"Na wewe ulimwita."

"Onyesho la kwanza nikamwita. La mwisho nikamuaga, vizuri, kwa heshima. Mkakata." Akacheka bila kufurahi. "Kila kitu mmekata. Kwa hiyo kuaga hakupo. Kaitwa, kapewa jina, kapewa mwili, kapewa hata mtoto, halafu mlango mkamfungia."

"Muage basi!"

"Kwa nini? Miaka yote hii hakuna aliyekasirika kwa ajili yangu. Wewe ulikata. Garrett alinyamaza. Huyu peke yake ndiye aliyekasirika. Mwache awachome."

Roz alisimama. "Hujanielewa. Ukitazama picha zote hizi, hamtafuti Garrett wala hanitafuti mimi. Yupo penye mtoto tu. Na mtoto yuko chumba cha pili, sasa hivi."

Walipofika huko walikuta taa nyekundu ya kurekodi imeshawaka. Nairi, mtoto wa Kiarmenia wa mji jirani wa Glendale aliyeigiza yule binti, alikuwa peke yake nyuma ya kioo, vipokea sauti vya masikioni vimemzidi kichwa. Mama yake alikaa upande huu, karibu na Lindqvist, akichezea simu. Kwenye skrini shujaa alikuwa anaondoka.

"Baba, usiniache," Nairi alisema kwenye maikrofoni.

Sauti nzito ikamjibu kutoka kwenye spika zote. "Sikuachi."

Mtoto akatabasamu, na hapo ndipo ukuta ule wa kuchorwa, ukuta ambao mafundi waliupaka juu ya mtu, ukaanza kuvimba kwenye skrini kama ngozi iliyoungua, ukachanika, na mikono miwili ikatoka ikiwa imekunja vidole, ikafuatwa na koti, ikafuatwa na uso wa Nabil usiokuwa na macho ya Nabil, huku shujaa wa nywele za manjano akididimia pembeni bila sauti kama nta, na kioo kati yao na mtoto kikaanza kulegea na kutiririka, na mama yake akipiga kelele akivuta mlango usiofunguka, na mtoto mwenyewe, bila hofu yoyote, akinyoosha mkono kuelekea skrini.

"Jamani, mwanangu! Mwanangu mimi!"

Nabil alishika kitasa kwa mikono yote miwili. Nyama iliungua, lakini hakuachia mpaka mlango ukafunguka. Akasimama kati ya mtoto na skrini, akaanza kusema. Roz hakuelewa maneno, alisikia sauti tu: sauti ya mtu anayezungumza na mgeni wa heshima aliyedhulumiwa, anayemwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Nabil alikuwa analia kwa hasira, na bado akasema mpaka mwisho.

Skrini ikazimika. Ubaridi ukaingia chumbani. Mama Nairi alimnyakua mwanawe akatoka mbio bila kuaga mtu.

Lindqvist alimsogelea Nabil.

"Niambieni tumerekodi," alisema, macho yanang'aa. "Nabil, sikiliza. Nilikosea. Tunamrudisha Idris. Na hiyo sauti, na huo moto..."

Roz alimfuata akamsukuma kwa viganja viwili kifuani mpaka akaangukia kiti. "Funga mdomo! Umemuuza alipokuhitaji, sasa unataka kumuuza tena? Funga huo mdomo, Garrett, la sivyo nitaufunga mimi."

Akapiga magoti karibu na Nabil, aliyekuwa amekaa sakafuni, mikono juu, malengelenge yakimpanda.

"Ameenda?"

"Ameenda. Nimemuaga vilevile alivyomuaga bibi."

"Ulimwambia nini?"

"Maneno ya tanuri. Kazi imekwisha, mwenye moto. Mkate ni wetu, joto ni lako. Chukua kilicho chako, uende kwenu."

Walitazamana.

"Nabil," Roz alisema polepole, "yeye anadhani chake ni kipi?"

Hakungoja jibu. Alishuka ngazi akiruka, akapita mapokezi, akatokea kwenye maegesho yaliyojaa jua. Gari la Mama Nairi lilikuwa linarudi nyuma. Roz alilipiga kwa ngumi mpaka likasimama, na mwanamke akashusha kioo, uso umejaa machozi na ghadhabu.

"Mnataka nini tena kwetu? Tuacheni!"

"Mshushe mtoto! Mshushe kwanza, nakuomba!"

Kwenye kiti cha nyuma, Nairi alikuwa amejisogeza hadi mlangoni. Kando yake mkanda wa kiti kitupu ulikuwa umefungwa, umekaza, umezunguka kitu kipana kama kifua cha mtu mzima, na kitambaa cha kiti kilikuwa kinafuka moshi.

"Mama, twende," mtoto alisema. "Baba ameshapanda."