Pasipoti Iliyoondoka Kabla ya Mwenyewe

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Kitinda alipiga kelele iliyomfanya dada yake atupe shati alilokuwa akilikunja na kukimbilia chumbani. Alimkuta mdogo wake amepiga magoti kando ya kitanda, sanduku liko wazi, mikono ameiweka kichwani.

"Dada, pasipoti haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo! Jana jioni niliitia humu kwa mkono wangu huu."

"Humu" ilikuwa ni mkoba wa plastiki wenye vifuko vitano: cha mkataba wa kazi, cha tiketi, cha cheti cha ufundi umeme, cha kadi ya chanjo, na cha mbele kabisa, cha pasipoti. Vinne vilikuwa na vitu vyake. Cha mbele kilikuwa na kipande cha kadibodi nyeupe tu, kimekatwa vizuri, cha kuushikilia mkoba usilegee. Ndivyo walivyodhani wote, na dada mtu naye akadhani hivyo hivyo. Dhana hiyo ilimpotezea zaidi ya saa nzima.

Dada huyo walimwita Karani, na nyumba nzima ilishasahau kama alikuwa na jina jingine. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye masjala ya hospitali, kati ya rafu za mafaili ya wagonjwa, na alikuwa na msemo wake ambao watu walimtania nao mpaka wakachoka: faili halina miguu. Faili likikosekana, Karani hakutafuta faili, alitafuta mkono.

"Acha kumwaga nguo," alimwambia Kitinda. "Hapo umeshatafuta mara tatu. Gari linaondoka saa nne. Tuna saa mbili, na hatoki mtu."

Ndege ilikuwa ya saa nane mchana. Kampuni iliyomwajiri Kitinda huko ng'ambo ilikuwa imeandika wazi kwamba atakayekosa ndege hiyo, nafasi yake anapewa anayefuata kwenye orodha. Kitinda alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka mitatu.

Na Karani? Karani ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita, mama yao alipofariki. Alimfundisha kufunga viatu na kusoma saa. Wiki nzima alikuwa akizikunja nguo za safari na kuzikunjua na kuzikunja upya, na sasa ndiye aliyetakiwa kukitafuta kitabu cha kumwondolea mdogo wake. Akaanza kukitafuta.

Kwanza aliwauliza wote, mmoja mmoja, walikuwa wapi tangu alfajiri. Kitinda alilala mpaka saa moja. Wifi yake, yaani mke wa Kitinda, aliamka kuchemsha maji, na saa kumi na mbili na nusu akaenda duka la kona kununua mkate; mkoba, alisema, hakuugusa. Baba yao, mzee mstaafu aliyekuwa mkuu wa masjala ile ile ya hospitali, alikuwa amekaa mezani na koti lake limefungwa vifungo vyote, ingawa jiko lilikuwa linawaka hatua tatu kutoka kwake.

"Mimi nilitoka saa kumi na mbili na robo," alisema. "Nilifuata mkate. Nimekuta duka limefungwa. Ndiyo kwanza narudi."

Karani aliitikia kwa kichwa, akapita. Hakuna aliyeitaka safari hii kuliko Baba. Mtaa mzima ulikuwa umeshachoka kuambiwa, "Kijana wangu anakwenda kufunga umeme kwenye majengo ya ghorofa arobaini." Aliyebaki kuulizwa alikuwa Dereva, rafiki wa Kitinda tangu shule, aliyekuja saa moja na nusu na gari la kuwapeleka uwanjani. Huyu alikuwa na sababu. Waliomba kazi pamoja, wakafanya mtihani pamoja, na Dereva akaangushwa na kipimo cha macho, kile cha kutofautisha rangi za nyaya.

"Uliingia chumbani?" Karani alimuuliza.

"Niliingia kuchukua begi kubwa. Mwenzangu alikuwa anaoga."

"Peke yako?"

"Dada Karani, sema tu unachotaka kusema."

"Sitaki kusema kitu. Nataka dakika."

"Dakika mbili. Begi lenyewe zito kama gunia la saruji. Ningeiba kwa mkono gani?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Wifi alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini lakini si ya chini kiasi cha kutosikika.

Dereva aligeuka. Alivuta mifuko ya suruali nje, mmoja baada ya mwingine, kisha ya shati, akabaki amesimama na mifuko inaning'inia mbele ya wote. Mezani, Baba aliinamisha uso.

"Nilianguka kwenye macho, sikuanguka kwenye utu," Dereva alisema. "Wiki nzima natafuta maneno ya kumuaga mtu huyu na sijayapata. Halafu leo ndiyo nimekuwa mwizi wake."

Karani alimwamini. Uongo huwa na maneno yaliyopangwa, na huyu hakuwa amepanga kitu. Ilikuwa saa tatu kasorobo.

Alirudi kwenye mkoba, akavimwaga vifuko vyote kitandani. Kutoka kifuko cha mkataba ikadondoka karatasi iliyokunjwa mara nne ambayo haikuwa mkataba, nje ina jina la Kitinda kwa mwandiko wa Wifi. Aliichukua bila kuifungua, akamfuata Wifi jikoni.

"Wifi, uliniambia hujaugusa mkoba."

Wifi aliiona karatasi, akajifuta macho kwa kiganja. "Ni barua yangu. Nilitaka aikute hukohuko akifika. Nilijua nikisema nimeugusa mkoba, mtaisoma."

"Haitasomwa. Uliitia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Maji yalikuwa hayajachemka."

"Pasipoti ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Nilifungua nikaangalia picha yake, nikacheka peke yangu, amekasirika utadhani amenyimwa chakula. Nikairudisha kwenye kifuko chake."

"Pamoja na kadibodi?"

"Kadibodi gani?"

Karani alisogea karibu. "Wifi, kifuko hicho kilikuwa na kadibodi ndani?"

"Hakikuwa na kitu zaidi ya pasipoti. Ningeiona."

Basi kadibodi haikununuliwa pamoja na mkoba. Ilitiwa asubuhi hii, baada ya pasipoti kutolewa. Na mwizi gani huyo anayeiba kisha akaziba pengo? Karani alirudi chumbani akitembea polepole, kwa sababu alishaanza kulijua jibu na hakulitaka. Alikitoa kile kipande, akakigeuza. Nyuma, kwenye pembe, paliandikwa kwa penseli, herufi ndogo ndogo: *12.10 asb.*

Alikaa kitandani.

Masjala ina sheria moja ambayo karani mpya hufundishwa siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa hata choo kiko wapi. Ukilitoa faili rafuni, acha kadibodi mahali pake, na juu yake andika saa uliyolitoa. Kadibodi hiyo maana yake ni kwamba faili litarudi. Katika nyumba hii, watu wawili tu walijua sheria hiyo. Mmoja, saa kumi na mbili na dakika kumi, alikuwa bado kwake anapiga pasi. Wa pili ndiye aliyemfundisha.

Saa tatu na dakika ishirini alimkuta Baba kwenye ngazi za nyuma, bado na koti lake.

"Baba, mkate uliukosa?"

"Nimekwambia duka lilifungwa."

"Wifi amenunua hapo hapo kwenye kona, robo saa baada ya wewe kutoka. Na wewe umerudi karibu saa mbili. Saa moja na nusu, Baba, mkate mmoja?"

Karani alimwekea kadibodi gotini. Mzee aliisoma, akavua miwani.

"Mkono uliandika wenyewe," alisema. "Hata sikumbuki."

"Ulikwenda wapi?"

"Duka la kutolea kopi. Miaka thelathini na moja nimetunza mafaili ya watoto wa watu. Nikasema, nami nifungue la mwanangu. Ukurasa wenye picha yake tu. Nilisimama pale mpaka saa mbili kasorobo, hawakufungua. Nikarudi niirudishe kabla hajaufungua mkoba. Nafika mlangoni, nasikia anapiga kelele kwamba haipo."

"Si ungesema hapo hapo?"

"Nilifungua mdomo niseme." Aliigusa shingo yake. "Halafu nikasikia furaha, mwanangu. Furaha kabisa. Nikasema moyoni, basi, haendi. Nikajipa dakika moja ya kuifurahia. Ile dakika ndiyo hii tuliyomo."

"Na Dereva alipotoa mifuko nje?"

"Hapo nilijichukia. Lakini sikusimama."

Alifungua vifungo vya koti, akaitoa pasipoti, akampa. Ilikuwa na joto la kifua chake. Karani aliishika, na, kusema kweli, hakuinuka mara moja. Alikuwa anajua ilipo, na wengine wote hawajui. Bado dakika thelathini na tano tu saa nne ipite, kisha mdogo wake angekuja kwake kila Jumapili kama kawaida na kumaliza chakula chote. Alilitamani hilo mpaka likamuuma.

"Kamwambie umeikuta chini ya kitanda," Baba alisema.

"Siwezi, Baba. Kuna mtu ameaibishwa humu ndani."

Mzee alishika ukingo wa ngazi, akainuka. "Basi nitasema mimi."

Alisema sebuleni, amesimama, mbele ya wote, tangu saa kumi na mbili na dakika kumi mpaka mwisho, bila kuruka kitu. Kisha akamgeukia Dereva na kumwomba radhi kwa jina lake kamili, na Wifi naye akaomba, macho chini.

"Yamekwisha, Mzee," Dereva alisema. "Ila siku nyingine unitonye mapema. Mifuko yenyewe imetoboka, mmeniaibisha mara mbili."

Walicheka, isipokuwa Kitinda. Alikuwa ameishika pasipoti kwa mikono miwili na anamtazama baba yake.

"Baba, mwaka mzima wewe ndiye uliyenisukuma. Mimi narudi nyuma, wewe unanisukuma. Kwa nini hukuniambia, hata mara moja, nisiende?"

"Ningekwambia, ungebaki?"

Kitinda hakufikiri hata kidogo. "Ningebaki."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Gari liliondoka saa nne na dakika saba. Karani alikuwa na uhakika wa dakika hizo, kwa sababu aliikazia macho saa yake ili asilazimike kuliangalia gari.