Hodi ya Kayani

Kila atokapo shule, Kadzo hupita kando ya kaya, msitu mtakatifu wa kijiji chao karibu na Msambweni, akiokota kuni nje ya mpaka. Ndani hakukatwi hata kijiti. Anayeingia huvua viatu na kuwabishia hodi wazee waliozikwa humo.

Alasiri moja alikutana na mtafiti kutoka ng'ambo pamoja na Ngala, kijana wa Ukunda aliyemtafsiria.

"Sista," Ngala alisema, "nyanya yako si ndiye mganga wa homa? Tuonyeshe tu ule mti wake."

"Mpaka wazee waulizwe."

"Wazee gani? Si wamekufa!" Ngala alicheka. "Ama unaogopa majini?"

Kadzo aliona haya. Akawaingiza na viatu, bila hodi.

Ndege walinyamaza. Mbega waliwatazama kutoka matawini bila kupepesa. Kadzo akawaonyesha mti wa dawa. Mtafiti alibandua magome upande mzima wa mti huo, akajaza mfuko. Utomvu mwekundu ukachuruzika.

Walipotaka kutoka, njia aliyoizoea Kadzo kwa kufuatana na nyanya yake iliwarudisha palepale penye mti. Wakajaribu tena, palepale. Nyuma yao majani makavu yalivunjika polepole, kama yakanyagwayo na mtu pekupeku. Hapakuwa na mtu. Ngala hakucheka tena.

Kadzo akavua viatu. "Hodi, wazee. Nimekosa."

"Hodi hubishwa mlangoni, mwanangu, si chumbani!"

Alikuwa Shangazi Twaiba, mlinzi wa kaya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mmebeba nini?"

"Tulipiga picha za ndege tu, mama," Ngala akadakia.

Kadzo alijua: akinyamaza, dawa ya nyanya itavuka bahari, na huko itapata mwenyewe mwingine.

"Ni magome, shangazi. Mimi ndiye niliyewaonyesha."

Mtafiti akasema kibali angeomba baadaye.

"Baadaye!" Shangazi alifoka, akaunyakua mfuko. "Vigango, nguzo za Wagiriama za kuwakumbuka wafu wao, viliibwa, vikaonekana kwenye makumbusho ya ng'ambo. Baadaye hiyo hiyo! Mataifa yana mkataba: kabla ya kuchukua mmea kwa utafiti, omba kibali cha serikali, pata ridhaa ya wenyeji wenye ujuzi wake, mpatane faida itagawanywaje. Hodi kwanza! Sisi tulilijua hilo kabla yao."

Wageni walipelekwa kwa chifu. Shangazi na Kadzo wakarudi kuukandika mti udongo pale ulipobanduliwa.

"Usione haya kulinda cha wenzako," Shangazi alisema. "Ulikosea, lakini ukweli wako umeiokoa dawa yetu."

"Ahsante, shangazi. Kumbe ni wewe uliyekuwa ukitufuata nyuma?"

Mkono wa Shangazi ukasita. "Mimi? Nilikuwa mpakani mpaka niliposikia hodi yako."

Nyuma yao, jani kavu likavunjika.