Sitoki Kwenye Uwazi Huu

"Siku utakayoolewa na Dedan, mbuzi watakuwa wanakula nyasi ndani ya hili shimo."

Baba alisema hivyo mbele ya wapangaji, bakora yake ikielekezwa katikati ya jengo lake jipya la mtaa wa Lucky Summer. Getini walifungwa mbuzi watatu wa ntheo. Kwetu Wakamba, bila hao watatu msichana hahesabiwi kuwa ameolewa. Dedan alikuwa amewaleta mwenyewe, na Baba hakuwatupia hata jicho.

"Nilikupa kazi ya ghorofa nne," akamwambia Dedan. "Ukaniachia shimo katikati, kutoka chini hadi juu. Vyumba vinane vimeenda na upepo. Wewe ni mwizi."

"Nisamehe, mzee," Dedan akasema, kichwa chini.

Na mimi Mwelu, binti wa Mzee Mutie, nikawa kimya kama maji mtungini.

Ukweli ni huu, na leo nausema bila kupepesa macho: uwazi ule ulikuwa wangu. Nilisomea kuchora majengo. Nikachora nyumba ambayo mwanga na hewa vinashuka hadi chumba cha chini kabisa, na maji ya kuoga yanapashwa na jua kwenye mabomba meusi juu ya paa. Lakini Baba, dereva wa lori aliyestaafu na kichwa chake kigumu, asingejenga ramani ya binti yake hata kwa dawa. Kwa hiyo Dedan, fundi niliyempenda, aliipeleka kama yake. Akajenga vile nilivyochora, na lawama akabeba yeye.

Alhamisi simu ikalia ofisini kwetu.

"Mwelu, ni mimi. Niko kwa kibanda cha simu hapa mtaa wa Baba Dogo."

"Sema."

"Mzee amechukua fundi mwingine, Kyule. Kesho wanaanza kuziba. Vyumba viwili kila floor."

"Na wewe umefanya nini?"

"Nifanye nini na ashanifukuza?"

"Ungemwambia ramani ni yangu."

"Ndio akufukuze pia? Zii, Mwelu. Wacha mimi nionekane mjinga. Nimezoea..."

Simu ikakatika. Niliona haya. Mwanamume anaitwa mwizi kwa ajili yangu, nami nimekaa nakunywa chai ya ofisi.

Ijumaa sikwenda kazini. Nilichukua kiti cha plastiki, nikakiweka katikati ya uwazi, nikakikalia. Mchana Kyule akafika na mbao zake.

"Dada, hebu toka tufanye kazi."

"Fanyeni. Nimwagieni simiti nikiwa hapa hapa."

Kyule alicheka, kisha akaona sicheki. Akaenda kumwita Baba.

"Mwelu, umeshikwa na wazimu?"

"Hapana, Baba. Hili unaloita shimo si la Dedan. Ni langu. Ramani niliichora mimi, kwa meza yako, ukidhani naandika barua za kutafuta kazi."

"Unamtetea huyo kijana."

"Nadai kitu changu. Kama ni kosa, liitwe kwa jina langu. Mimi sitoki."

"Vyumba vinane, Mwelu."

"Jirani alivijenga vyote. Nenda uone kwake. Ni saa nane mchana na wapangaji wamewasha vibatari."

Hilo hakuweza kulikana. Ilikuwa 1999, ule mwaka wa mgao wa stima, na tangu asubuhi mtaa mzima haukuwa na taa.

"Maneno tu hayo," akasema.

"Basi twende kwa Waringa, mpangaji wako mshonaji. Chumba chake ni cha chini, hakina dirisha la barabarani. Tia uzi kwenye sindano yake. Ukishindwa, ziba, na mbao nitazibeba mimi. Ukiweza, uwazi unabaki na mbuzi wa Dedan unawapokea."

"Kwa macho yangu haya?"

"Kwa hayo hayo. Sikuchora kwa ajili ya macho ya vijana peke yao."

Waringa alikuwa akishona sare za shule, miguu yake ikikanyaga cherehani. Alimpa Baba sindano na kiti bila kuuliza. Hapo ndipo nilipoogopa. Baba angeweza kudanganya tu kwamba haoni, na hakuna mtu angembishia mzee wa miaka sitini na nane.

Alilamba uzi. Akakosa. Akajaribu tena, akakosa. Kyule akakohoa pale mlangoni. Baba akasogeza mkono kuelekea dirisha la uwazini, akajaribu mara ya tatu, kisha akauvuta uzi upande wa pili.

"Umepita," akasema polepole.

Nilitaka kulia, nikajizuia.

"Dedan alijua ramani ni yako?"

"Alijua."

"Nikamwita mwizi mbele ya watu, na akaniomba msamaha?"

"Ndiyo, Baba."

Alimrudishia Waringa sindano yake.

"Kyule, beba mbao zako. Na wewe Mwelu, nenda umtafute huyo mjinga."

Jumamosi Dedan alikuja na wajomba zake wawili na mbuzi wale wale watatu. Baba alikuwa getini akiwangoja, amevaa koti lake la kanisani.

"Dedan, nilikutukana bure."

"Yamepita, mzee."

"Hayajapita. Waingize ndani."

Mbuzi walipitishwa kwenye korido, wakafungwa katikati ya uwazi, jua la saa sita likiwaangukia mgongoni. Wapangaji walichungulia kutoka ghorofa zote nne. Mbuzi walinusa sakafu, wakaanza kulia. Baba aliwatazama, akanitazama mimi, kisha akamgeukia Dedan.

"Mimi nilisema watakuwa wanakula nyasi. Hii ni simiti. Chukua panga uende ukakate nyasi, mkwe wangu."